Karatasi Iliyobaki Nyeupe

Ujumbe uliingia kwenye kundi la simu la watafiti wenzangu wa zamani, kundi ambalo kwa mwaka mzima halikuwa limesema neno ila salamu za Krismasi. Aliyeandika ni Njoroge. "Watu wangu, yule Mama Nafula wa Mukuru kwa Reuben ametuacha. Ni kifua. Sala ni Alhamisi saa nane mchana, pale pale kwake." Nilikuwa jikoni nimeshika kitunguu nilichokimenya nusu. Wenzangu walianza kujibu mmoja mmoja kwa vile vipicha vya viganja vilivyokutana. Niliandika "Poleni," nikafuta, kwa sababu sikujua nampa nani pole. Niliandika "Mungu ailaze roho yake pema," nikafuta tena, nikijiuliza kama mtu kama mimi ana haki ya kuyasema maneno hayo juu ya mama yule. Mwishowe sikutuma chochote. Nilisimama pale nikilitazama neno moja, kifua, na kama nilivyofundishwa nikaanza kujitetea: watu hufa kwa kifua kila mahali, wengine wamevuta moshi wa jiko tangu utotoni, na mtu mmoja si ushahidi wa kitu. Hayo yote ni kweli. Nimeishi nayo siku mbili, na hayajanisaidia kupata usingizi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka tu kuvaa joho. Nilikotoka na walionilea hawana sehemu katika habari hii. Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Buruburu, chumba chenye dirisha linalotazama kamba ya nguo ya mwenye nyumba, na kila asubuhi nilirudi mara mbili kuhakikisha nimefunga kufuli, halafu nikifika kona nikaanza kushuku ile mara ya pili. Kazi niliyoipata ilikuwa ya msaidizi katika utafiti wa chuo kikuu kuhusu hewa ya nyumba zilizopakana na viwanda. Aliyetuongoza ni Daktari Okelo, mama mpole wa miwani mizito, aliyezoea kula mahindi ya kuchoma ofisini huku akisahihisha taarifa, punje zikidondoka kati ya kurasa. Tuliotembea nyumba kwa nyumba tulikuwa wawili, mimi na Njoroge, kijana wa Majengo aliyesalimiana kwa majina na nusu ya Mukuru, ule mtaa wa mabanda tuliokuwa tukiupima. Alinijua upesi. Akinikuta nimeduwaa mbele ya fomu alisema, "Niaje, Mumbua. Umemaliza kufikiria ama bado uko kwa utangulizi?"

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kipimo kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa nusu mkate, chenye pampu ndani na mdomo mdogo wa kuvutia hewa. Nyuma ya mdomo huo tuliweka kikaratasi cha duara, cheupe pepe, tulichokipima uzito kwenye maabara kabla ya kutoka. Kisanduku kilining'inizwa ndani ya nyumba siku mbili, usawa wa pua ya mtu aliyeketi, kikinguruma polepole kama paka. Kisha tulikirudisha, tukakitoa kile kikaratasi kwa koleo na kukipima tena. Uzito ulioongezeka ndio uchafu ambao watu wa nyumba hiyo walikuwa wakiuvuta. Hata bila mizani ungeweza kuuona: karatasi zilirudi za kijivu, nyingine nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Kila kitu kilitegemea jambo moja tu, kwamba ule mdomo ukae wazi.

Nyumba ya Mama Nafula ilikuwa chumba kimoja cha mabati katika ploti iliyoegemea ukuta wa yadi moja ya kuyeyushia vyuma chakavu. Ukiegemeza kiganja kwenye bati la nyuma mchana ulihisi joto lisilo la jua. Lakini ndani! Sijawahi kuingia mahali palipotunzwa vile. Kila kitu kilikuwa kimevaa. Viti vilivaa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe kwa sindano, televisheni ilivaa cha waridi chenye pindo, redio chake, hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia. Rimoti alikuwa ameivika karatasi ya mkate, ile ya kung'aa, na kuifunga kwa mpira. Aliniona nikiitazama.

"Rimoti ikikaa uchi kwa hii vumbi haimalizi mwezi," alisema. "Karibu daktari, keti."

"Mimi si daktari, mama."

"Si unatoka chuo? Basi keti, daktari. Unaogopa kiti?"

Kweli nilikuwa nikiogopa kukichafua kile kitambaa. Njoroge alikuwa ameshaketi na ana andazi mdomoni. Mama Nafula alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mifupi yenye nguvu, mtu wa kutoka magharibi ambaye Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kibukusu. Alfajiri aliuza maandazi na chai ya rangi kwenye lango la viwanda, kwa vibarua waliosubiri kuitwa kazini. Binti yake Nafula, wa miaka sita wakati huo, alikuwa nyuma ya pazia la kitanda, na tulimjua kwa kikohozi kabla ya kumwona. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu mzima.

Nilimsomea karatasi ya ridhaa, neno kwa neno, mstari kwa mstari, hadi Njoroge akaanza kupiga miayo. Nilipomaliza nikamwuliza kama ana swali. Alikunja mikono kifuani.

"Nyinyi mnakuja, mnaandika, mnaenda. Sikatai. Lakini mimi nataka kitu kimoja. Dada yangu Nasimiyu ako Majengo, anauza nguo kwa soko ya Gikomba. Kila siku ananiambia nihame na huyu mtoto niende karibu na yeye. Nikihama napoteza lango langu, na wateja wa miaka nane. Nikikaa, labda hii hewa inamla mtoto. Sasa hiyo mashine yenu si inajua? Ikisema hewa ni mbaya, nahama mwezi huo huo. Ikisema ni nzuri, nakaa na maandazi yangu na Nasimiyu anyamaze. Utaniambia?"

"Tutakuletea barua," nikasema.

"Sijauliza barua. Nimeuliza wewe."

"Nitakuambia, mama."

Tulikiacha kipimo juu ya msumari karibu na kitanda. Nilimweleza akiache kilivyo. Leo najua kosa lilianzia pale: sikumwambia kwa nini. Nilisema, kwa adabu ya kitabu, "Tafadhali kitunze," na katika nyumba ile kutunza kitu kulikuwa na maana moja.

Lazima niseme pia yaliyotangulia juma hilo, si kwa kujitetea. Nilikuwa nimefuta vipimo vya nyumba tatu kwa shaka tu. Kimoja kwa sababu sikukumbuka kama nilivaa glavu, kingine kwa sababu jirani alikuwa amechoma taka, kingine hata sikumbuki sababu yake. Vyote vilirudiwa, na vyote vilitoa majibu yale yale. Daktari Okelo aliniita, akaweka kando gunzi la mahindi, akaniambia bila ukali, "Mumbua, shaka ni chombo cha kazi. Usihamie ndani yake." Nje ya mlango nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu msichana ni mzuri, lakini atanichelewesha hadi nistaafu." Vipimo vilikuwa vya kuazima, na Ijumaa vilitakiwa kwenda kwa watafiti wa mji mwingine. Nyumba ya Mama Nafula ndiyo ilikuwa ya mwisho. Niliapa kwamba mara hii nitakuwa kama watu wengine, watu wanaofunga mlango mara moja na kwenda zao.

Siku ya kukichukua nilifika saa nne asubuhi badala ya saa sita, kwa sababu wasiwasi wangu haujui kusubiri. Njoroge alikuwa nyumba nyingine. Mama Nafula alikuwa akikanda unga, mikono nyeupe hadi viwikoni, na aliponiona uso ulimchanua. "Daktari! Njoo uone nilivyokutunzia."

Juu ya msumari kisanduku kilikuwa kimevaa kitambaa kipya, cha rangi ya waridi, kilichofumwa kwa ukubwa wake kamili, pembe zote nne zikikaa sawasawa. Chini ya kitambaa, kwenye mdomo, kulikuwa na karatasi ya mkate iliyofungwa kwa mpira.

"Nimefuma usiku wa kwanza," alisema. "Nikasema mashine ya watu wa chuo haiwezi kurudi na vumbi ya Reuben, wataniona mchafu. Imekaa hivyo tangu mlipotoka. Angalia, haijashika hata kidogo."

Ningesema nini? Maneno yalikuwepo. "Asante mama, ni kosa langu, sikukueleza, inabidi turudie." Nimeyasema tangu siku hiyo mara nyingi mno, bafuni, barabarani, kitandani. Pale nilifikiria aibu itakayomshika yule mwanamke aliyekesha akifuma. Nilimfikiria Daktari Okelo na gunzi lake. Nilifikiria Ijumaa. Nikainama nikaona kwamba karatasi haikuwa imekaza upande wa chini, kulikuwa na upenyo, na nikajiambia kwamba hewa ni hewa, hupita. Yeye aliniwekea maandazi matatu kwenye sahani na kikombe cha chai, akasema nimekonda, akaniuliza kama wanaume wa Buruburu hawaoni. Nilikula yote. Nilipokula nilikuwa na fomu gotini, na kwenye fomu kulikuwa na swali: mdomo wa kipimo ulifunikwa wakati wowote? Mimi ambaye nilikuwa nimefuta nyumba tatu kwa shaka za bure, mbele ya jambo pekee la mwaka ule lililostahili shaka, niliandika Hapana. Nakumbuka hata nilijisifu kidogo kwamba sasa nimekuwa mtu mzima.

Maabara ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, na mizani ilikaa ndani ya kabati la kioo kama mtoto njiti. Njoroge ndiye aliyekitoa kikaratasi. Alikishika kwa koleo juu ya taa, akakigeuza.

"Hii nyumba iko Reuben ama iko Karen kwa matajiri?" akasema, akicheka. Karatasi ilikuwa nyeupe karibu kama ilivyotoka kwenye pakiti. Kisha aliacha kucheka, akanitazama. "Mumbua. Kila kitu kilikuwa sawa huko?"

"Fomu si unayo?"

"Fomu ninayo. Nakuuliza wewe."

Ilikuwa mara ya pili mtu kuniuliza hivyo. Nikasema kila kitu kilikuwa sawa. Daktari Okelo alipoona namba ile hakukasirika wala kushuku. Alifurahi, kama wanavyofurahi wasomi wakikutana na kitu kisichotarajiwa. Aliuliza ukuta wa yadi una urefu gani, upepo huelekea wapi alasiri. Wiki mbili baadaye taarifa yetu ilikuwa na aya nzima inayoeleza jinsi ukuta mrefu unavyoweza kuzikinga nyumba zilizouegemea, moshi ukaruka juu na kwenda kuanguka mbali. Ilikuwa aya nzuri. Mimi ndiye niliyeisahihisha.

Barua za majibu pia niliziandika mimi, kwa Kiswahili chepesi, kila moja ikiwa na duara la rangi: jekundu, manjano au kijani. Mama Nafula alipata kijani. Nilimsomea akiwa amesimama mlangoni, mikono ikinuka mafuta ya kukaangia.

"Kwa hivyo nisihame?"

"Barua inasema hewa iko ndani ya kiwango, mama."

"Daktari, mimi si mtu wa viwango. Nisihame?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyosema." Aliona hilo linatosha. Alichukua simu pale pale, akampigia dada yake na kuweka sauti juu ili nisikie na mimi. "Nasimiyu! Chuo imesema hewa yangu ni safi! Iko kwa barua, na rangi ya kijani!" Upande wa pili kulikuwa na kelele za soko, kisha sauti ya mwanamke aliyechoka: "Chuo hawalali hapo, Mama Nafula." Akacheka akakata simu. "Wivu," akaniambia. "Anataka nikamlelee watoto."

Usiku na mchana niliandika baruapepe kwa Daktari Okelo. Niliandika ndefu, nikaandika fupi, nikaandika moja yenye sentensi moja tu. Sikutuma hata moja. Kila nilipokaribia nilijiambia nisubiri nipate uhakika zaidi, na uhakika niliokuwa nikiutafuta nilikuwa nimekwisha kuuona kwa macho yangu juu ya msumari. Hivi ndivyo ninavyojielewa sasa: watu hudhani mwenye wasiwasi ni mwangalifu. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa mahali pa kujificha. Mtu anayefikiria sana huonekana ana shughuli.

Mwaka ulipokwisha tuliwaita washiriki kwenye ukumbi wa kanisa kusikia matokeo. Kulikuwa na pilau na soda, na wageni wa maofisini waliokaa mbele. Mama Nafula alikuja na gauni la zambarau na Nafula amesukwa nywele. Daktari Okelo alimwomba aseme neno, akasimama bila woga kama mtu aliyezoea kuwapanga vibarua foleni. "Mimi nilikuwa nihame," alisema. "Hawa vijana wakanipimia, nikapata amani. Majirani wakaniuliza, nikawaonyesha. Tuko hapo hapo, tunamshukuru Mungu." Watu walipiga makofi. Njoroge, aliyekaa kando yangu, hakupiga. Alikuwa akiniangalia mikono, nami nilikuwa napiga. Pilau ile sikuimaliza. Mwezi uliofuata mkataba wangu uliisha, nikapata kazi ya dawati upande mwingine wa jiji, na kwa miaka saba sikukanyaga Reuben.

Alhamisi nilienda. Walikuwa wamefunga turubai kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vimepangwa, picha yake mezani kando ya maua. Mwili ungesafiri kesho yake kwenda magharibi. Nafula, msichana mrefu sasa mwenye sweta la shule, alipita akigawa chai na mkate. Hakunikumbuka. Mwanamke aliyekuwa akipanga vikombe alinikazia macho.

"Wewe ni yule wa chuo. Alikuwa na picha yako kwa simu. Mimi ni Nasimiyu."

Nilimpa pole. Aliniketisha benchini nyuma ya turubai, karibu na bati lile la yadi. Alisema dada yake alianza kukohoa miaka miwili iliyopita, kisha akawa hawezi kubeba ndoo, kisha hawezi kukanda. "Sasa nina kesi na huyu mtoto. Nataka nimchukue Majengo. Yeye anataka abaki hapa kwa jirani amalize shule na marafiki wake. Ananiambia, anti, hapa hewa ni safi, mama alisema, iko kwa barua." Alipangusa kikombe kilichokuwa kikavu. "Mimi sina barua ya kumjibu."

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya kitambaa na karatasi ya mkate, maandazi matatu, na neno nililoandika kwenye fomu. Nilianza kueleza kwamba hakuna anayeweza kujua ni nini hasa kilichomuua, kwamba jiko nalo, kwamba umri. Alinyanyua kiganja nikanyamaza. Upande wa pili wa ukuta chuma kiliangukia chuma.

"Kwa hivyo hewa ya hapa iko aje?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Hakuna anayejua. Hatukuipima."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Ningependelea hasira. "Mimi usiniambie kwa sikio," alisema. "Mimi sikuwahi kuwaamini. Hao je?" Alielekeza kidevu kwenye turubai, kwa wanawake waliokaa na watoto mapajani. "Yule wa leso nyekundu alikuwa amefunga mizigo. Dada yangu alimsomea ile barua akafungua. Yule mzee naye. Na huyo mtoto wangu anagawa chai."

Mbele, mzee wa kanisa alikuwa ameanza kuwaita watu waseme walivyomjua marehemu. Jirani mmoja alisimulia jinsi Mama Nafula alivyomkopesha chumvi na kudai irudi na hadithi, watu wakacheka huku wakilia. Kibarua mmoja alisema aliwahi kula maandazi yake siku tisa mfululizo bila kuitwa kazini. Mzee akauliza kama kuna mwingine. Nasimiyu hakuniangalia. Alichukua sinia la vikombe akaondoka.

Kichwa kilianza kazi yake: kwamba hapa si mahali pa kuyasema hayo, kwamba ni matanga ya watu, kwamba ningeandika barua nzuri zaidi, kwamba nizungumze kwanza na chuo. Zilikuwa sababu nzuri zote. Nafula alikuwa amesimama katikati ya viti na birika mkononi, akisubiri yule mzee aliyetajwa na Nasimiyu amalize kikombe chake. Nikasimama. Mzee wa kanisa akauliza jina langu na nilivyomjua marehemu, na watu wakageuka, wanawake wakiwatuliza watoto ili nisikike.

"Naitwa Mumbua," nikasema. "Mimi ndiye niliyetumwa kupima hewa ya nyumba hii. Sikuipima."